Kamera ya kwanza nyumbani: ishike waifai mezani kabla hujapanda ngazi

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti, dukani kwangu hapa Chikongola kamera za ulinzi zinatoka kuliko feni. Wananunua watu wa Mtwara mjini na Mikindani, wengine wanashuka na basi kutoka Newala na Tandahimba. Siku chache baadaye simu zinaanza kuita: "Dada fundi, kamera yako haishiki mtandao." Mimi ndiye niliyeuza, kwa hiyo mtu anaweza kusema najitetea, lakini nyingi zinazorudishwa kwangu kama mbovu hushika hapo hapo kaunta, mwenyewe akiangalia. Kamera ni nzima. Kilichokwama kiko njiani.

Na njia yenyewe ina vipande vinne: umeme kufika kwenye kamera, kamera kuiona ruta (kile kifaa kinachorusha waifai), ruta kuiona intaneti, na intaneti kufika kwenye simu uliyoshika mkononi. Ukaguzi unafuata mpangilio huo huo. Mtu anayebadilisha mipangilio ya programu ya kamera kwenye simu wakati adapta yake haitoi umeme wa kutosha atakesha.

Sharti langu la kwanza kwa kila mteja ni hili: usitoboe ukuta. Wengi wanaanza na drili, wanafunga kamera juu ya baraza, wanapitisha waya darini, halafu ndipo wanafungua programu. Ikigoma, mtu yuko juu ya ngazi jua la saa sita, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unatafuta kitundu cha kuriseti, yaani kuirudisha kamera hali ya kiwandani. Anza mezani. Kamera isiyoshika mezani haitashika ukutani.

Kabla hujalipa

Soma boksi. Ukikuta "802.11 b/g/n" bila herufi a wala ac, jua kamera hiyo inasikia mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake. Si ubaya. Kamera nyingi za bei ya kawaida ziko hivyo, na kwa nyumba zetu mawimbi hayo ndiyo yanafaa, maana yanapenya ukuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5. Ila ukilijua mapema utaokoa muda, kama utakavyoona mbele.

Angalia pia kama ni toleo la soko la China. Dalili zake ni maelezo yote kuwa Kichina, na programu yake kukataa ukijisajili kwa namba ya Tanzania. Hiyo usiichukue hata ikiuzwa nusu bei. Kisha mwombe muuzaji aiwashe na kuiunganisha mbele yako, hata kwa hotspoti ya simu yake. Akianza kuzungusha maneno, duka la jirani lipo.

Mezani

Weka kamera mita moja au mbili kutoka kwenye ruta. Tumia adapta na waya vilivyokuja nayo, si chaji ya simu ya zamani. Bandua ile nailoni nyembamba juu ya lenzi. Utashangaa wangapi wanaiacha. Memori kadi iingie kamera ikiwa imezimwa. Ndipo uwashe, na usiguse kitu kwa dakika nzima.

Kamera nyingi zitazungusha shingo, zitaongea, kisha taa itaanza kupepesa. Kupepesa kunamaanisha inasubiri kuunganishwa. Ikikaa kimya, tafuta kitufe cha kuriseti. Kwenye zile zinazozunguka mara nyingi kimejificha chini ya jicho, pembeni ya tundu la memori kadi, na hukioni mpaka uinue jicho liangalie juu. Kibonye na ushikilie sekunde tano mpaka kumi, mpaka isikike sauti. Ukikibonya mara moja na kuachia, hujafanya kitu.

Sasa simu. Iwe kwenye waifai ile ile ambayo kamera itatumia. Kama una VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine, izime. Programu ikiomba ruhusa ya mahali ulipo, ikubalie wakati wa kuunganisha, kwa sababu kwenye Android bila ruhusa hiyo programu nyingi haziwezi kuona majina ya waifai yaliyopo. Kwenye iPhone kuna ruhusa nyingine ya kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa ndani. Ukiikataa siku ya kwanza, programu itatafuta kamera mpaka uchoke, na haitakuambia kwa nini haioni.

Kuna kamera zinazounganishwa kwa kuzioneshea msimbo wa QR ulio kwenye simu. Ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, shika simu kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye lenzi, kisha irudishe nyuma polepole. Kioo kilichopasuka kinaweza kuizuia kusoma. Nyingine zinatoa waifai yao wenyewe, na simu inabidi ijiunge na hiyo kwanza. Hapo zima data ya laini, kwa sababu simu ikigundua kwamba waifai ile haina intaneti inarudi kwenye data bila kukuuliza, na kamera inabaki inaongea peke yake.

2.4 na 5

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ruta nyingi za sasa, za faiba na hata hizi za laini ya simu, hurusha mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, ya 2.4 na ya 5. Wakati mwingine kila moja ina jina lake: utaona NYUMBANI na NYUMBANI_5G. Simu yako inapenda hiyo ya pili kwa kuwa ina kasi. Ukiunganisha kamera wakati simu iko hapo, programu inaipa kamera jina la mtandao ambao kamera haina uwezo wa kuuona. Utaandika nenosiri mara nyingi utakavyo, na jibu litakuwa lile lile: imeshindikana. Watu wanadhani nenosiri limekosewa. Hapana, kamera hata haijafika mlangoni pa kuulizwa nenosiri.

Wakati mwingine mawimbi yote mawili yamepewa jina moja, na ruta ndiyo inaamua nani akae wapi. Hiyo kwa simu ni nzuri, kwa kamera ni kero. Programu nyingine hugoma zikiona simu iko kwenye 5, na ruta nyingine huchelewa kuipokea kamera kwenye 2.4 zikitaka iende kwenye 5.

Dawa yake iko ndani ya ruta. Igeuze, chini kuna kibandiko chenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na hizi za laini nyingi ni 192.168.8.1. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu ukiwa kwenye waifai ya ruta hiyo hiyo, ingia kwa nenosiri lililo kwenye kibandiko, tafuta ukurasa wa waifai. Zima 5 kwa muda, unganisha kamera, kisha iwashe tena. Au zipe majina tofauti moja kwa moja, ukae ukijua ipi ni ya kamera.

Ukiwa bado ndani, tazama vitu vingine vichache. Aina ya ulinzi wa waifai iwe WPA2, maana ile mpya zaidi, WPA3, peke yake inazikataa kamera nyingi za bei nafuu. Chaneli ya 2.4, yaani njia yanamopita mawimbi hayo, iwe 1, 6 au 11, upana wake megahezi 20. Ikiachwa ijichagulie, ruta inaweza kwenda chaneli ya 12 au 13, na kuna kamera hazifiki huko. Jina la waifai lisiwe limefichwa, wala lisiwe na vikatuni na alama za ajabu. Nenosiri liwe la herufi na namba tu, angalau nane, na nafasi tupu usiweke. Kuna kijana mmoja wa Magomeni alikuwa ameipa waifai yake jina lenye moyo mwekundu wa mahaba. Simu zote nyumbani zilishika, kamera haikutaka kabisa. Tuliutoa moyo, ikashika.

Kama ukurasa wa ruta umefungwa na aliyekufungia intaneti hapokei simu, kuna njia ya miguu. Chomeka kamera kwenye paua benki, toka nayo nje pamoja na simu mpaka mbali kidogo na nyumba. Mawimbi ya 5 yanakufa mapema, simu inaangukia kwenye 2.4, na hapo unaunganisha. Njia nyingine ni kuwasha mtandao wa wageni kama ruta yako inao, ukiweka wa 2.4 tu. Hiyo naipenda kwa sababu inaitenga kamera na simu na kompyuta za nyumbani.

Wanaotumia hotspoti ya simu wajue mambo mawili. Simu nyingi mpya hurusha hotspoti ya gigahezi 5, hivyo kwenye mipangilio ichague 2.4, kwenye iPhone 12 na za baada yake kuna swichi ya kuongeza utangamano kwenye ukurasa ule ule wa hotspoti. La pili linasahaulika: ukisafiri na simu kwenda Masasi, umesafiri na intaneti ya kamera.

Imeshika, lakini programu inasema haipo

Mazungumzo ya namna hii ninayo kila wakati:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kamera yako imekufa."

"Taa yake ina rangi gani?"

"Ya buluu, imetulia."

"Haijafa, baba. Hiyo imeiona ruta. Hebu zima data kwenye simu yako, baki na waifai peke yake, fungua video yoyote."

Kimya. Halafu: "Inazunguka tu."

"Bando la ruta limekwisha."

Maana ya rangi inatofautiana kwa kila kamera, kwa hiyo kile kikaratasi cha maelezo usikitupe. Lakini kipimo cha kuzima data ya laini ni cha wote. Simu ikiwa kwenye waifai pekee na haifungui kitu, tatizo liko kati ya ruta na intaneti, na kamera iache ilipo. Ongeza bando, hamisha ruta ya laini isogee dirishani, au mpigie aliyekuletea faiba.

Simu ikifungua vizuri lakini kamera haipo, washa upya ruta kwanza, subiri itulie, halafu kamera. Ikiendelea, ingia kwenye ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ruta ndogo za mfukoni nyingi zina kikomo cha vifaa kumi. Nyumba yenye watoto wa shule, wageni wa mazishi na runinga moja inafika kumi haraka, na kamera iliyozimika wakati umeme umekatika ikirudi inakuta nafasi imejaa. Badilisha nenosiri la waifai ujue nani kabaki. Hakikisha pia DHCP imewashwa, ndiyo inayogawa anwani, na ikiwezekana ifungie kamera anwani moja ya kudumu humo humo kwenye ruta. Usiiandike anwani hiyo ndani ya kamera kwa kubahatisha. Vifaa viwili vikipata anwani moja, vyote viwili vitakuwa vinakatika katika bila sababu unayoiona.

Sasa ukuta

Mezani imeshika, picha safi. Bado usichukue drili. Chukua paua benki, ichomeke kamera, ipeleke mpaka pale unapotaka kuifunga, mtu aishike kwa mkono dakika chache huku wewe ukiangalia simu. Funga milango yote kama inavyofungwa usiku, na geti pia. Programu nyingi huonesha nguvu ya mawimbi kwa asilimia au kwa namba hasi. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 65 inatosha, ikipita hasi 75 utaona picha zinaganda.

Nyumba zetu hazifanani. Zile za zamani pale Mikindani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unalingana na urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kuta mbili tu na mawimbi yamekwisha. Tofali za saruji zina nafuu. Zege lenye nondo ni baya, tangi la maji ni baya, na bati ndilo baya kuliko vyote: kamera iliyofungwa juu ya paa la bati huku ruta iko chini yake haitasikia kitu. Geti la chuma likiwa katikati, vivyo hivyo. Mara nyingi kusogeza kamera nusu mita, kutoka juu ya bati kuja chini ya upenu, kunatosha.

Kabla ya kununua kifaa cha kurefusha waifai, hamisha ruta. Iko wapi? Nyuma ya runinga, chini ya meza, pembeni ya friji. Ipandishe juu ya kabati, sebuleni katikati, uone. Kwa banda au geti lililo mbali kabisa, mimi nashauri waya wa mtandao badala ya kuhangaika na mawimbi. Kamera zenye tundu la waya zinafika mpaka mita 100, na zikiwa za PoE, umeme unapita humo humo. Dai waya wa shaba tupu; ule wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi na unaonekana sawa, ila kwa PoE ya mbali unakula umeme njiani.

Kwenye upenu huo huo angalia kamera inaona nini. Elekeza kwenye geti na uwanja wako, si kwenye ua wa jirani anapoogea. Hiyo ni heshima ya kawaida, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo jirani akikasirika ana pa kwenda.

Inayopotea kila Magharibi

Huu ugonjwa ndio unaowasumbua mafundi wenzangu, maana ukiitwa mchana hakuna tatizo. Kamera inafanya kazi kutwa, jua likizama inapotea, inarudi, inapotea. Mwenye nyumba anasema mtandao wa jioni ni mbaya, watu wengi wanautumia. Wakati mwingine kweli. Lakini mara nyingi ni umeme.

Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za kuonea usiku. Macho yetu hayazioni vizuri, ila zinakula umeme zaidi ya mchana. Kama adapta iko ndani na umepitisha waya mwembamba wa USB wa mita tano mpaka nje, zile volti tano zinazotoka kwenye adapta zinapungua njiani. Waya mwembamba wa urefu huo unaweza kupoteza volti nzima au zaidi. Mchana kamera inavumilia. Taa zikiwaka, volti zinashuka, inazimika, inajiwasha, inaunganika, taa zinawaka tena, inazimika.

Kipimo chake hakisubiri usiku. Mchana kweupe, funika uso wa kamera kwa mikono miwili mpaka picha igeuke nyeusi na nyeupe. Ikipotea hapo, umeupata mchawi. Dawa ni kusogeza soketi, si kurefusha waya wa USB: mwite fundi umeme apeleke waya wa volti 230 mpaka karibu na kamera, kwenye boksi lisiloingiza maji, adapta ikae humo na waya mfupi. Ukibadilisha adapta, volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kamera. Ampea zikiwa nyingi zaidi hakuna neno. Kamera ya volti 5 ukiichomeka kwenye 12, hiyo usinirudishie.

Umeme ukikatika na kurudi, saa nayo inavurugika. Kamera ndogo nyingi hazina betri ya saa, zinachukua muda kutoka intaneti. Zikiwaka kabla ruta haijapata intaneti, zinaweza kurekodi zikiandika mwaka 1970. Na zikiwa zimeachwa kwenye majira ya kiwandani, China, ziko mbele yetu kwa saa tano. Mzee mmoja nusura amfukuze mlinzi kwa kufungua geti "saa saba usiku". Kamera iliandika 01:00. Majira halisi yalikuwa 20:00, saa mbili usiku, na aliyefunguliwa geti ni binti wa mzee mwenyewe akitoka dukani. Weka majira ya Afrika Mashariki, UTC+3, siku ile ile unayoifunga. UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, nayo haina bei kubwa, na inapunguza hii vurugu ya kuwaka na kuzima. Soma tu volti za ruta yako kabla ya kuinunua.

Bando

Nitawapigia hesabu kwa sababu wauzaji wengi wa kamera hawawapigii. Kamera yenye ubora wa picha wa 1080p inayotuma picha kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula megabaiti 900 kwa saa. Kutwa kucha ni gigabaiti 21.6. Mwezi wa siku 30, gigabaiti 648. Kwa laini ya simu, hapana.

Kwa hiyo anayetumia bando asiweke kurekodi mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, saa zote. Weka memori kadi, kamera irekodi humo, na intaneti itumike tu pale unapochungulia au tahadhari inapotumwa. Kadi ya gigabaiti 64 kwa kasi hiyo hiyo inabeba karibu siku tatu kabla ya kuanza kufuta za zamani; ukichagua H.265, inayobana video zaidi, badala ya H.264 na kurekodi pale tu kitu kinaposogea, inafika mbali zaidi. Ukiwa safarini chungulia kwa picha ya ubora wa chini, kitufe chake kipo kwenye programu. Kadi kwenye kamera ni lazima hata kwa mwenye faiba. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchi nzima. Kamera yenye kadi haihitaji intaneti ili irekodi. Ile inayotegemea mawingu peke yake inabaki macho tu.

Kisha punguza tahadhari. Buibui wanapenda kukaa karibu na zile taa za usiku, wanajenga utando mbele ya lenzi, na kamera inakutumia picha ya kila mguu wa buibui mpaka asubuhi. Ufagio wa kuondolea utando, mara moja kwa wiki.

Kuiangalia ukiwa mbali

Ukiwa nyumbani inaonekana, ukifika Dar haionekani. Kwanza hakikisha mwanao aliye Dar hajaweka akaunti yake mwenyewe akitafuta kamera ile ile. Kamera inakuwa ya akaunti moja, wengine wanagawiwa na mwenyewe kupitia programu. Kama ulinunua iliyotumika, aliyeiuza lazima aitoe kwenye akaunti yake kwanza. Kuriseti peke yake mara nyingi hakutoshi.

Kuna mafundi watakaokuambia ufungue milango ya ruta ili kamera iingiliwe kutoka nje. Kwa laini za simu haitafanya kazi, kwa sababu kampuni inagawa anwani moja ya nje kwa wateja wengi, na anwani unayoiona kwenye ruta, ikianza na 10 au 100.64, haifikiki kutoka nje. Kwa faiba yenye anwani yake inaweza kufanya kazi, na mimi bado nakukataza. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn mpaka tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Tumia P2P iliyomo ndani ya programu, njia inayokutanisha simu na kamera bila kufungua milango ya ruta, badilisha nenosiri la kamera na la ruta, na sasisho likija lipakue kabla hujaifunga juu.

Waliopo Shangani na wote wanaosikia mawimbi ya bahari wakiwa kitandani waongeze jambo moja. Chumvi inakula vichwa vya waya. Kichwa cha waya wa mtandao kikianza kuota kutu ya kijani, kamera inakatika hovyo na hakuna mpangilio wowote utakaoiponya. Viunganishi viingie kwenye boksi lililofungwa, waya uning'inie kwa chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke, na kila baada ya masika fungua uangalie.

Ikibidi kuirudisha

Mbovu ya kweli ninaijua hivi: mezani, kwa adapta yake, karibu na ruta ya 2.4 yenye WPA2, baada ya kuriseti, haiwaki au haioni waifai yoyote, hata hotspoti ya simu ya mtu mwingine. Hapo usihangaike. Ilete na boksi lake, adapta yake na ule ule waya uliokuwa unatumia, pamoja na risiti. Ukija na kamera tupu nitaichomeka kwenye adapta yangu, itawaka, na tutabishana bure kumbe adapta yako ndiyo imekufa.